Mkono wa Kushoto

"Babu, wewe hapana," alisema nesi, na wala hakuinua macho kumtazama. "Umri umeshapita, na presha unayo. Leta watu wengine. Watatu, wenye afya zao, kesho asubuhi kabla daktari hajaingia."

Mwalimu alikuwa ameshakunja mkono wa shati mpaka begani. Akabaki hivyo hivyo, mkono umenyooka mezani, mwembamba, wenye makovu ya chanjo za zamani, kama mtu aliyeleta bidhaa sokoni na kuambiwa haina mnunuzi. Miaka yote aliyofundisha hakuna mtu aliyemwita babu. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Humu hospitali alikuwa babu tangu siku ya kwanza, na mlinzi wa getini alimwita "mzee wa kofia".

"Nesi, mwanangu, kama ni suala la kununua..."

"Damu haiuzwi, babu. Nimeshakueleza. Mkeo anahitaji chupa tatu. Hazipo. Ndugu zake wakichangia tatu, anaingia chumba cha upasuaji. Wasipochangia, daktari anaruka jina lake anakwenda kwa anayefuata. Na yule daktari si wa hapa, anakuja mara moja kwa wiki. Sasa wewe mwenyewe unamwona mama alivyo. Wiki nyingine anayo?"

Mwalimu alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Jibu alilijua, na nesi naye alilijua.

Mkewe alikuwa kitanda cha dirishani, ngozi imekuwa rangi ya majivu. Uvimbe ulikuwa tumboni mwake muda mrefu, akiuficha kwa kanga na kwa maneno, mpaka damu ilipoanza kumtoka na ikakataa kukoma. Sasa alikuwa akizungumza kwa vipande, lakini ulimi wake haukuwa umeumwa hata kidogo.

"Wamekukataa," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Umefunga kifungo. Ukikubaliwa jambo wewe unasahau vifungo."

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mtoto wao wa kiume alikuwa mbali, na simu yake ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Binti yao alikuwa ananyonyesha, wasingemgusa. Majirani wawili waliahidi jana, na leo mmoja ameamka na mafua, mwingine ameamka na safari.

"Si una wanafunzi?" mkewe aliuliza.

"Wanafunzi gani, Mama?"

"Hao hao. Nikilalamika hujarudi nyumbani, unaniambia watoto wa watu ni watoto wako. Mji mzima umewafundisha wewe. Basi kawaite watoto wako, baba. Ni watatu tu nawataka." Akafumba macho, akapumzika kidogo. "Na ukienda, vua hiyo kofia. Inakufanya kama mtu anayeomba."

*

Alianza kwa yule aliyekuwa akimwona mbele ya macho yake kila alipofikiria maisha yake ya ualimu: kijana aliyeshika namba moja tangu darasa la tatu mpaka la mwisho, na ambaye mtaa mzima ulimwita Namba Wani mpaka leo. Alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Mwalimu alisimama katikati ya mifuko ya saruji na mabati, akisubiri wateja waishe, na wateja hawakuisha.

"Mwalimu wangu!" Namba Wani alimkumbatia mbele ya watu. "Jamani, huyu ndiye aliyenifungua macho. Mnaona hesabu ninavyopiga bila kikokotoo? Ni yeye!"

Wateja wakamtazama. Mwalimu alijisikia vizuri, kwa muda wa kuvuta pumzi moja hivi, kisha akasema shida yake. Hapo uso wa Namba Wani ukabadilika taratibu.

"Damu," alisema.

"Ndiyo. Dakika chache tu. Kesho asubuhi."

"Unajua, Mwalimu, mimi sindano... tangu utotoni. Halafu kesho napokea mzigo. Ingekuwa jambo jingine lolote, wallahi." Akaushika mkono wa Mwalimu kwa mikono yake miwili, na alipouachia kulikuwa na noti iliyokunjwa kiganjani. "Ya soda, Mwalimu. Usinikatalie."

Hakumkatalia. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima, kwamba vidole vyake vilijifunga vyenyewe kabla hajaamua. Alikwenda kwa mwingine, wakili, ambaye katibu wake alisema yuko kwenye kikao, na mlango ulipofunguka kidogo Mwalimu alimsikia akicheka peke yake na simu. Alikwenda kwa wa tatu, binti aliyekuwa msomaji wa risala kwenye kila sherehe ya shule, sasa ana ofisi yenye zulia. Huyo angalau alimwambia ukweli: "Mwalimu, naogopa watanipima wakaniambia kitu." Wote walikuwa wa dawati la mbele. Wengine hakuwakumbuka hata sura, angewatafuta vipi?

Jua lilipokuwa linapungua aliingia kwenye kibanda cha kinyozi ili akae tu, maana miguu ilikuwa imegoma. Hakumfahamu kinyozi. Alisema, "Kijana, naomba nipumzike hapo kwenye benchi," na kinyozi akazima mashine katikati ya kichwa cha mteja.

"Hiyo sauti! Mwalimu Mikono!"

"Nani?" aliuliza mteja, fundi cherehani wa jirani, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado.

"Wewe umesahau? Si tulisoma wote! Mikono bwana! Ngoja niwaambie hawa." Kinyozi akawageukia waliokuwa wakisubiri, kitana kikiwa hewani. "Siku ya mkaguzi wa shule, huyu mzee anakuja asubuhi na mapema, anatupanga. Anasema, leo kila swali, darasa zima mikono juu. Asiyeinua atanitambua. Lakini! Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Basi mkaguzi akiuliza, mikono msitu mzima! Mwalimu anachagua wa kulia, jibu linatoka safi. Mkaguzi anaandika, anaandika, anaitikia kwa kichwa. Watoto wote wanajua! Mpaka akapewa ukuu wa shule."

Watu wakacheka mpaka kibanda kikatikisika. Mwalimu naye akacheka. Alikuwa amewahi kuisimulia hadithi hiyo yeye mwenyewe, siku ya kumuaga kazini, na walimu wenzake walicheka hivyo hivyo. Ndiyo iliyokuwa siri ya kazi yake, na hakuona ubaya wake. Wakaguzi walikuja kutafuta makosa, yeye akiwanyima. Shule ilipata sifa, sifa ikaleta madawati na bati jipya. Nani aliumia?

Kicheko kilipopoa akasema shida yake. Safari hii alisema bila utangulizi, kofia mkononi, maana alikuwa amechoka kujipamba.

"Mke wa Mwalimu?" kinyozi alisema. "Yule mama aliyekuwa anatupa maji ya kunywa dirishani? Nakuja. Na huyu nusu kichwa anakuja pia."

"Nakuja," alisema fundi cherehani, "ila nimalizie kwanza."

Ikabaki moja. Kwenye ncha ya benchi alikuwapo fundi mwashi, mtu mzima mwenye mabega mapana, saruji imemkaukia miguuni kama soksi. Hakuwa amecheka wala kusema. Sasa alisimama.

"Na mimi nitakuja, Mwalimu."

"Nawe ulikuwa wangu?"

"Nilikaa nyuma. Kwenye kabati la vitabu."

Mwalimu alimtazama sana akakosa pa kumkumbukia. "Mkono gani?" aliuliza, kwa utani.

"Kushoto," alisema mwashi. "Siku zote. Walimu wengine walinichapa kwa kutojua. Wewe hukunichapa hata mara moja. Uliniambia tu niinue wa kushoto, basi, hutaniuliza. Na kweli hukuniuliza mpaka nikamaliza shule. Wema huo sijausahau."

Mwalimu alimshika bega, akashukuru, machozi yakimlenga. Jambo lililokuwa ndani ya maneno yale lilimpita pembeni. Alikuwa amepata watatu.

*

Asubuhi walikuja wote, wameoga, wamevaa mashati ya kutokea, wakasimama kwenye ukumbi wa hospitali kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mwalimu alifurahi kuwaona mpaka akaanza kutembea mbele yao, mikono nyuma.

"Sikilizeni. Mtaulizwa maswali. Mengi hayana maana, ni ya kujaza muda. Unakunywa dawa gani, umewahi kuumwa nini. Ninyi ni watu wazima wenye nguvu, mnafanya kazi juani, msijifanye wagonjwa. Jibuni kwamba hamna, tumalize."

"Na kama mtu anacho?" aliuliza mwashi.

"Anacho nini?"

"Nauliza tu."

Mwalimu akatabasamu. "Mmeshamsahau mkaguzi?" alisema. Kinyozi na fundi cherehani wakaangua kicheko. Mwashi aliinamisha kichwa, akakubali.

Chumba cha damu kilikuwa na vitanda viwili na nesi mmoja, yule yule wa jana, na nje kulikuwa na watu wamejaa mpaka ngazini. Alikuwa hajalala. Aliwapima uzito na damu ya kidole haraka haraka, akawakalisha kwenye benchi moja, akasimama mbele yao.

"Sina muda wa kumuuliza mmoja mmoja. Nitataja ugonjwa. Ambaye hana, ainue mkono nimwone. Na nawaambia mapema: akinidanganya mmoja, nikija kujua, chupa yake naitupa, na huyo mama hapasuliwi kwa chupa mbili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walijibu kwa pamoja, na Mwalimu, aliyesimama mlangoni, midomo yake ilijibu pamoja nao.

"Homa ya ini."

Mikono mitatu juu. Ya kulia, imenyooka.

"Kisukari. Presha."

Mitatu. Ya kulia.

"Kifafa. Kuanguka anguka, kupoteza fahamu."

Mitatu.

Nesi alikuwa ameinama kwenye meza, akahesabu kwa jicho la pembeni, akaendelea. Mwalimu peke yake ndiye aliyeona. Mkono wa kinyozi ulikuwa wa kulia, wa fundi cherehani wa kulia. Mwashi alikuwa ameinua wa kushoto. Aliuinua juu kabisa, kiwiko kando ya sikio, kama alivyofundishwa, na alikuwa akimtazama Mwalimu moja kwa moja, kwa utulivu wa mtu aliyeshatimiza wajibu wake na kumwachia mwenye kuamua.

Hapo ndipo sura ikamrudia. Mtoto mnene kidogo, kaptula yenye kiraka. Asubuhi moja, katikati ya somo la kuzidisha, alianguka kutoka dawati la tatu, akatetemeka, povu likamtoka, wasichana wakapanda juu ya viti. Mwalimu alimweka ubavu mpaka akazinduka, akampa maji. Kesho yake akamhamishia nyuma, kwenye kabati la vitabu. Mkaguzi alikuwa anakuja wiki hiyo. Akianguka, aliwaza, aangukie huko ambako haonekani. Na mtoto alikaa huko mpaka akamaliza shule, na jina lake likafutika kichwani mwa Mwalimu kama vumbi la chaki.

Mwalimu akafungua mdomo.

"Babu, ulitaka kusema kitu?" nesi aliuliza.

Kwenye korido, nyuma yake kabisa, machela ilikuwa inasukumwa. Alijua ni ya nani kwa sababu alisikia mkewe akimwambia mtu, "Taratibu, mwanangu, mimi si gunia." Walikuwa wanamsogeza karibu na chumba cha upasuaji. Jina lake lilikuwa la kwanza.

"Hapana," alisema Mwalimu. "Endelea, mwanangu."

Mwashi akashusha mkono wake. Hakuonyesha kushangaa. Alikuwa amezoea.

*

Chupa, ambazo siku hizi ni mifuko ya plastiki lakini watu wameng'ang'ania kuziita chupa, zilijaa moja baada ya nyingine. Kinyozi alisimulia vichekesho wakati wote. Fundi cherehani aligeuzia uso ukutani. Mwashi alilala kimya, akitazama dari kama anakagua kazi ya mwenzake. Mwalimu alisimama pale pale, na kila ulipovimba kidogo ule mfuko wa tatu, moyo wake ulipanda na kushuka kwa pamoja. Mtu mwenye nguvu vile, alijiambia. Anabeba zege kutwa nzima. Huenda alishapona. Wangapi wanapona ukubwani? Alikuwa hodari wa kujijibu maswali aliyojiuliza mwenyewe.

Nesi akaifunga mifuko yote mitatu, akaiandika, akaiweka kwenye sinia. "Haya, babu. Ulijitahidi," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Mwalimu alimshika mwashi mkono kumsaidia kunyanyuka. "Unajisikiaje?"

"Vizuri, Mwalimu."

"Dawa zako unakunywa?"

Mwashi alifikiri kidogo. "Ya leo asubuhi sijanywa. Ulisema tukiulizwa tuseme hatuna dawa. Nikaona nisije nikakufanya mwongo."

Aliyasema hayo wakiwa wanatembea. Mwalimu alisimama. Mwashi akaendelea hatua chache mbele, akafika juu ya ngazi, akasema neno ambalo halikuwa neno, na mwili wake mpana ukakakamaa. Alianguka kwa mgongo. Kichwa kiligonga ukingo wa saruji kwa sauti ambayo kinyozi, aliyekuwa mbele, aliisikia na kugeuka, tabasamu la kichekesho cha mwisho likiwa bado mdomoni.

Watu wakapiga kelele. Wakamzunguka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, damu inatoka nyuma ya sikio, na mtetemeko haukukoma. Daktari kijana alitoka chumba cha pili mbio, akapiga magoti, akamshika kidevu.

"Ametoka kutoa damu?"

"Sasa hivi tu," alisema nesi. Sinia lilikuwa bado mikononi mwake.

"Ameanza kutetemeka akaanguka, au ameanguka akapiga kichwa ndiyo akaanza kutetemeka?"

Kinyozi alisema hakuona. Fundi cherehani alikuwa analia.

"Ana kifafa?"

"Hana," alisema nesi. "Nimemuuliza mimi mwenyewe. Aliinua mkono."

"Basi ni kichwa kinavuja damu ndani." Daktari alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, akasita, akaliweka, akachukua jingine. "Jamani, nisikilizeni. Kama ni kifafa ninamchoma hii. Kama si kifafa, hii hii inaweza kumzima. Kuna ndugu yake hapa? Kuna mtu yeyote anayejua?"

Miguu ya mwashi ilikuwa inagonga sakafu, saruji iliyokaukia soli za viatu ikibanduka vipande vipande.

Pale Mwalimu aliposimama palikuwa ubavuni mwa machela ya mkewe. Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa wazi, na mtu mwenye kofia ya kijani alikuwa amenyoosha mkono kulipokea sinia. Ilibaki kumpa tu. Mkewe alikuwa amegeuza kichwa, anatazama ngazini, halafu akamtazama mumewe. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu mno. Aliona kitu usoni mwake, na Mwalimu aliona kwamba ameona.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," alisema daktari. "Nani anajua?"

Aliijua hofu ile. Watoto aliowafundisha walikuwa nayo, wale wa nyuma, kila mkaguzi alipogeuka upande wao. Hakuwahi kuwaza kwamba inauma namna hii. Alitaka mtu mwingine aseme. Aliomba mtu mwingine aseme. Alimtazama mkewe, midomo yake myeupe, kidole chake kimoja kilichoshika ukingo wa machela, na akataka kumwomba msamaha.

Mkono wake ukapanda. Ulikuwa wa kulia. Ulipanda ukanyooka, kiwiko kando ya sikio, mpaka watu waliokuwa mbele yake wakapisha ili daktari auone.

"Anacho," Mwalimu alisema. "Tangu mtoto. Anacho, nilijua. Na dawa hajanywa tangu jana, kwa ajili yangu."

Daktari hakupoteza muda kumtazama. Alichukua bomba la kwanza, akachoma. Nesi ndiye aliyemtazama. Alimtazama kwa muda, kisha akageukia sinia, akasoma maandishi aliyoyaandika mwenyewe, akautoa mfuko mmoja, ambao ulikuwa bado una joto, akauweka kando. Mtu mwenye kofia ya kijani aliihesabu iliyobaki, akatikisa kichwa. Akasema jina la mgonjwa anayefuata.

Ngazini miguu ya mwashi ilianza kutulia. Walimnyanyua wakampeleka ndani, kinyozi akimfuata na viatu vyake mkononi. Machela ya mke wa Mwalimu iligeuzwa, gurudumu moja likakwama, likaachia, ikaanza kurudi njia ya wodini. Mwalimu aliandamana nayo. Hakuwa anaona anapokanyaga.

Walifika kwenye kona ya korido ndipo mkewe akasema, kwa sauti iliyobaki kidogo sana, bila hasira na bila utani safari hii:

"Shusha mkono, Mwalimu. Wameshakuona."